Mizani ya Bucha

Msafiri alifuta damu kwenye sahani ya mizani,
akatandika gazeti la juzi, akasema,
"Haya, mlete mheshimiwa."
Shubiri akakaa kama kifurushi cha unga,
tumbo likimwagikia pembeni,
na mshale ukaenda, ukaenda,
ukagota kilo saba na robo.
Foleni yote ikaangua kicheko.
Mtu akauliza, "Bila utumbo ni shilingi ngapi?"

Na mimi nilicheka. Kisha nikainama,
nikajifanya nafunga kiatu.

Maana najua alivyonenepa.
Mwaka jana, alipozikwa Hemedi,
vyakula vilipanda ngazi za ghorofa letu, Ilala,
mchana na usiku:
pilau ya Mama Kokubanza kwenye beseni la bluu,
maandazi ya wenzangu wa upatu,
samaki wa nazi, wali mkavu wa hitima.
"Kula, dada. Aliye hai hula."
Nikasema asanteni. Nikafunika sahani.
Usiku nikaiteremsha sakafuni,
akala yeye.
Arobaini nzima alikula kwa niaba yangu,
na arobaini ilipokwisha tukawa tumezoea,
yeye kula, mimi kutazama.
Zile kilo mbili na nusu za ziada
ni rambirambi.

Daktari Nsajigwa, kule Vetenari, hakuuliza hayo.
Alimpapasa mbavu
kama mtu anayetafuta funguo ndani ya godoro.
"Mama, huyu na wanga wapi na wapi?
Babu zake hawakulima mpunga."
Akaandika nyuma ya risiti:
moyo wa kuku, firigisi,
ini kidogo (*kidogo*, akapigia mstari),
shingo iwe mbichi, kamwe isipikwe,
mfupa uliopikwa huvunjika kama sindano.
Na usimfungishe. Paka hana Ramadhani;
akikaa siku mbili tatu bila kula, ini linamgeuka.
Mpunguze kama unavyoshusha kabati kwenye ngazi.

Siku ya kwanza Shubiri alinusa moyo wa kuku,
akanitazama
kama nimemletea barua ya mahakama.
Siku ya pili aliufukia kwa mkono,
akakwangua sakafu ya saruji, akakwangua,
mchanga usitokee.
Siku ya nne nilichanganya na maji ya dagaa.
Akalamba pembe moja.
Siku ya sita, gizani, nikasikia shingo ikisagika,
kruku, kruku,
nikakaa kitandani nasikiliza
kama redio.

Umeme ukikatika nakimbiza mifuko chini
kwa Mama Kokubanza, mwenye friza ya barafu za kuuza.
Anapokea kwa vidole viwili.
"Watoto wa watu wanashindia uji,
paka wako anachaguliwa maini."
Sina jibu. Ana haki ya kusema.
Namwachia nusu kilo, anaipokea, ananuna, anaipika.

Usiku mmoja nilikuwa nakata firigisi,
miezi tisa sijashika kisu zaidi ya kukatia mkate,
na mkono wenyewe, bila kuniuliza,
ukachukua kitunguu.
Ukachukua pilipili.
Nikakaanga zilizobaki, nikala nimesimama,
mgongo umeegemea friji.
Chumvi ilizidi.
Nikamaliza.

Wiki iliyopita kilitokea kishindo chumbani.
Shubiri alikuwa juu ya kabati,
mahali ambapo hajafika tangu msiba,
anajilamba kifua kama hakuna kilichotokea,
na kofia ya Hemedi chini, imepinduka.
Sikuiokota. Ililala hapo hadi asubuhi.
Asubuhi niliipangusa manyoya.

Leo tumerudi kwa Msafiri, kikapu kilekile cha ukindu.
Mshale umesimama kwenye kilo tano na robo tatu.
Anaugonga kioo kwa kucha, haamini.
"Sasa dada, hizo nyingine umezipeleka wapi?"

Nikamwambia anipimie nusu ya firigisi,
na robo ya maini kwenye mfuko wake peke yake,
afunge vizuri.
Hayo ni yangu.